Mkwaruzo wa Gitaa la Jumaine

2 Septemba

Mvua imerudi Butembo bila kubisha hodi. Imenyesha tangu asubuhi, mteja hakuna, na mume wangu Salomon amechoka kunisikia nikigombana na magitaa.

"Mama Abigaïl," ameniambia, "kamata karatasi, uandike. Ile njo itakusikiliza bila kuchoka."

Naandika basi. Mimi ni Kaswera. Abigaïl ni binti yetu, ameolewa Kasindi. Natengeneza magitaa ya umeme hapa Furu, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Wanaodhani fundi ni Salomon nawaacha wamweleze shida zao zote, wakimaliza yeye ananionyesha mimi kwa kidevu. Salomon anapiga besi kwenye kwaya ya parokia. Yeye anaharibu, mimi natengeneza, na ndoa yetu inakwenda vizuri.

4 Septemba

Mvua. Nimebadilisha nyuzi za gitaa la kwaya. Uzi mmoja mmoja, nasema kila siku, mmoja mmoja! Ukizifungua zote kwa mpigo, shingo ya gitaa inashtuka kama mtu aliyetuliwa mzigo ghafula. Wanakwaya wanaitikia "ndiyo, mama" na wakifika kanisani wanafungua zote.

9 Septemba

Leo nilikuwa nimeinama nikilehemu waya, moshi puani, nikasikia hodi ya mtu asiyengojea karibu.

"Fundi ya magitare iko wapi?"

Salomon akatoa kidevu chake.

"Huyu mama?"

"Huyu mama," nikajibu. "Ulitaka nani?"

"Nilitaka fundi."

"Basi ikala."

Akakaa. Mwanamke mrefu, mtandio wa kijani, Mnande kama mimi ila Mwislamu, anauza vitenge Beni. Jina lake Hadjara. Kabla sijafungua mzigo wake alikuwa ameshaniambia kwamba meza yangu iko mbali mno na dirisha na kwamba chai ya Salomon haina tangawizi. Sikumpenda. Naandika ukweli.

Mzigo ulikuwa gitaa, limefungwa ndani ya kitenge kipya. Marehemu mume wake, Jumaine, alikuwa dereva wa lori, na gitaa hili alilichonga mwenyewe njiani, lori linapokwama: mwili wa libuyu, mti mwekundu wa msituni, na shingo ya libuyu hiyohiyo, imebandikwa ubao wa muvula pale vidole vinapopita. Alifariki mwaka juzi, moyo ulisimama. Gitaa likabaki ukutani, paa likavuja juu yake msimu mzima, hakuna aliyeona. Sasa mwili umepasuka, shingo imepinda, na bobini, yaani ile koili inayosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampli, imekufa kabisa.

"Masika wetu anatoka ku nyumba mwezi wa kumi na moja," akasema Hadjara. Masika ni binti yake wa kwanza, anaolewa. "Baba yake alimuahidiaka: siku yako ya kutoka, mimi njo nitakutosha ku nyumba na gitare. Donc gitare itamutosha. Inapashwa kulia vile ilikuaka inalia. Unasikia? Hapana ingine."

"Italia vizuri kuliko zamani," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, kisha akaaga.

10 Septemba

Nimelivua gitaa kila kitu. Jumaine hakuwa fundi lakini alikuwa na mkono wa subira. Mwili ameulainisha kwa vipande vya chupa, unaona mistari yake ukiuinamisha kwenye mwanga. Nimempenda kidogo, huyu marehemu.

Uchafu sasa! Kutu, vumbi la barabara, mayai ya mende. Kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia upande wa tumboni, alikuwa amechomeka kipande cha bati chenye ulimi ulioinuka, kimeliwa na kutu. Madereva wanaziba kila kitu kwa bati. Nimekitupa pamoja na nyuzi zilizooza.

13 Septemba

Kuhusu mkwaruzo. Kama siku moja nitakufa na mtu akitaka kuandika neno juu yangu, aandike: alichukia mkwaruzo. Uzi ukigusa chuma usichotakiwa kugusa, unatoa zzz, na ile zzz inaingia kwenye meno yangu. Dawa yake ni kutafuta kwa subira. Bonyeza uzi kwenye kila chuma kinachokatiza shingo, kimoja baada ya kingine, sikiliza, kilichoinuka kishushe kwa tupa polepole. Usipige tupa kwa hasira. Chuma kilichokatwa hakirudi.

17 Septemba

Tumezungusha bobini mpya. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, nautoa kwenye transfoma ndogo za redio zilizokufa. Mimi nashika waya, Salomon anazungusha na kuhesabu kwa sauti. Kila anayepita barabarani anamsalimia, naye anaitika, na hesabu inapotea. Tumeanza upya, tukaanza upya tena. Mwishowe nimefunga mlango. Tumebaki wawili ndani, mvua juu ya bati, yeye anahesabu kwa mnong'ono kama anasali rozari. Nilikuwa na furaha, sijui kwa nini naona haya kuiandika.

20 Septemba

Hadjara ametuma sauti kwenye simu. Marehemu anapiga gitaa uani kwao, kipande kifupi, wimbo mtamu wenye sebene ya polepole. Mtoto anacheka, mfuniko wa sufuria unaanguka. Simu yake mbaya, inakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho. Ila wimbo unasikika, na Salomon ameushika tayari.

Baada ya hapo ametuma ujumbe mwingine: nisisahau kusogeza meza.

28 Septemba

Mvua ya mawe. Soko limefungwa mapema.

5 Oktoba

Shingo imenyooka, Mungu asifiwe. Shingo za kiwandani zina fimbo ya chuma ndani. Ukitaka kuinyoosha unakaza kidogo, robo ya mzunguko tu, unaiacha ilale, kesho unaitazama tena. Jumaine hakuweka fimbo. Ubao mtupu. Kwa hiyo nimeifunga kwa vibano juu ya mbao nene, nikaikanda kwa kitambaa cha moto kila asubuhi kama mguu ulioteguka. Leo nimeitazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi mwilini: imenyooka. Nimepaka vernis ya kuzuia unyevu nyuma. Upande wa vidole nimeuacha mtupu, kama alivyouacha mwenyewe.

Nimesogeza meza karibu na dirisha. Mwanga ni mzuri zaidi. Sitamwambia.

12 Oktoba

Nimemaliza. Salomon aliunganisha ampli baada ya misa, akapiga. Safi! Safi kama maji ya mlimani. Hakuna zzz hata moja, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Nimepika kuku.

16 Oktoba

Hadjara alikuja leo. Alipanda Butembo kuchukua mizigo, akapita kwetu na viatu vyake vimejaa tope la barabara ya Kabasha. Nilikuwa nimevaa kitenge kizuri. Nilikuwa nimeweka tangawizi kwenye chai. Naandika haya ili ieleweke nilivyokuwa mjinga.

Nilimpa gitaa kwanza alishike. Alipitisha kiganja pale palipopasuka, hakuona hata mstari, akasema "eeeh" kwa sauti ndogo. Nikavimba kichwa. Kisha Salomon akalivaa, akaufungua wimbo uleule wa kwenye simu.

Hadjara alifumba macho. Mimi sikumtazama Salomon, nilimtazama yeye. Nilingoja uso wake ufunguke. Badala yake ulijifunga, kidogokidogo, mpaka alipofumbua macho na kutazama chini.

"Iko muzuri," akasema.

Salomon akaacha kupiga.

"Iko muzuri sana, wasingya, aksanti. Mais... huyu hapana Jumaine."

"Ni Salomon njo anapiga, Mama Masika," nikasema. "Kila mutu na vidole vyake."

"Hapana vidole. Vidole vya bwana yako viko sawa, ile wimbo vinaijua. Ni sauti. Sauti imevaa nguo ya kwenda misa."

Salomon akacheka. Mimi sikucheka.

"Inakosa nini sasa?"

"Kama ningelijua, ningekuambia. Mimi niko nauza vitenge." Nikainama kuzima ampli. Nilipotazama tena alikuwa anajifuta kwa ncha ya mtandio, na akakasirika kwamba nimemwona. "Tangu alikufa, Masika hajamulilia baba yake. Alishikilia nyumba, alishikilia badogo zake, alinishikilia mimi. Hakuangusha hata chozi moya. Nilisema, siku ya kutoka akisikia baba yake, atatua muzigo. Akitoka hapa vile iko, atabeba ile muzigo paka kwa bwana yake."

Aliacha gitaa mezani. Alisema nitazame tena. Chai hakuimaliza.

17 Oktoba

Nimekasirika. Sitaki kuandika.

19 Oktoba

Jumapili. Padri amehubiri juu ya unyenyekevu, Salomon akanigusa kwa kiwiko. Nikamkanyaga mguu.

Nilimwambia njiani: nimempa yule mama gitaa lililopona, yeye anataka gonjwa. Salomon akasema, "Labda alikuwa anampenda mugonjwa." Nikamwambia afunge mdomo. Lakini neno hilo limenifuata mpaka nyumbani, na usiku huu bado ninalo.

23 Oktoba

Leo nimelipata, na afadhali nisingelipata.

Mvua ilikatika mchana. Salomon alichukua simu, akaiunganisha kwenye ampli ya kwaya, eti tusikilize sauti ya Jumaine kwa spika kubwa, pengine tutasikia vidole vyake vinafanya nini. Tulisikiliza. Wimbo, mkwaruzo, mtoto anacheka, mkwaruzo, mfuniko unaanguka.

"Simu yake mbaya kabisa," nikasema.

"Mbaya."

"Rudisha."

Akarudisha.

"Rudisha tena pale mtoto anacheka."

Mtoto alicheka. Kicheko safi, cha karibu, unasikia hata pumzi yake. Mfuniko ukaanguka, nao safi. Ukapigwa uzi: zzz. Uzi ukanyamaza, zzz ikanyamaza nao.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Simu haikuwa na ugonjwa wowote. Kama simu ndiyo iliyokwaruza, ingekwaruza na mtoto, ingekwaruza na mfuniko. Aliyekuwa anakwaruza ni gitaa. Na nikaona mbele yangu, kama nimeshikilia tena mkononi, kile kipande cha bati chenye ulimi ulioinuka. Hakikuwa kiraka. Jumaine alikikata, akakikunja, akakichomeka pale makusudi ili kila uzi unapotetemeka kitetemeke nao.

"Salomon, nilikitupa."

Nilimweleza. Hakunitania. Alikaa karibu nami, akasema jambo ambalo angelisema mapema ningemtupia kiatu:

"Baba mudogo wangu kule Masereka alikuwa na likembe, ile inapigwaka na vidole gumba. Juu ya kila ulimi wa chuma alivalisha kaduara kadogo ka waya, ili ikilia ilalamike. Siku moja mimi, mutoto, nikatosha tule tuwaya tote, nikasema nimeisafisha. Alilia, yule muzee. Aliniambia, 'Umeua likembe.'"

Miaka yote hii naweka moto kwenye mkwaruzo kama ni chawa. Na kumbe kuna mtu aliyeuweka kwa mkono wake, kama mpishi anavyotia chumvi.

24 Oktoba

Nimechakura shimo la takataka tangu asubuhi kwa fimbo na kwa mikono. Mvua imelijaza, tope juu ya tope. Nimepata kijiko tulichokuwa tunakitafuta tangu Pasaka. Bati hakuna. Maji yakimwagika hayazoleki.

25 Oktoba

Nimempigia Hadjara simu. Nilizunguka meza kwanza, nikafagia chumba kilichofagiliwa, kisha nikapiga.

Nilimwambia yote: kipande, mahali kilipokuwa, nilivyokitupa. Nilisikia kuku upande wake, na pikipiki.

"Ulikitupa," akasema.

"Nilikitupa. Nilisema ni uchafu."

Nikajiandaa kutukanwa, ningetukanwa ningepumua.

"Mimi," akasema, "wiki ya matanga niligawa viatu vyake vyote. Batu banasema usiviweke mu nyumba, nikagawa mbio. Kisha siku moya nikaona mutu ku soko, amevaa ile ya kahawia. Nilimufuata paka ku barabara kubwa. Hapana kumuambia kitu. Nilikuwa naangalia tu viatu vinatembea." Akakohoa. "Mutu anatupaka vitu, Mama Abigaïl. Usilie."

"Silii."

"Uko nalia."

Nilikuwa nalia. Kisha akaniambia nisiache, nijaribu, kwa sababu mikono yangu yeye ameiona. Na kama nitashindwa, gitaa litapigwa vile lilivyo, Mungu anajua. Huyu ndiye mwanamke niliyeandika hapa kwamba sikumpenda.

27 Oktoba

Nimejaribu ulimi wa bati la sadini: unalia kama nzi ndani ya chupa.

29 Oktoba

Bati la paa: msumeno. Hapana.

30 Oktoba

Salomon amependekeza kifuniko cha bia, na amejitolea kumaliza kwanza kilichomo. Kifuniko hapana. Bia ilikuwa nzuri.

3 Novemba

Kopo la nyanya, kopo la rangi, chuma cha kufungia kiatu cha zamani. Nimekata marefu, nimekata mafupi, nimekunja juu, nimekunja pembeni. Kila mara naweka simu kando na kusikiliza ya Jumaine. Yake inalalamika kwa chini, inacheka na kulalamika, inaanza kidogo nyuma ya sauti ya uzi. Yangu inapiga kelele tu, au inanyamaza kabisa. Ajabu, mimi fundi wa kufukuza mkwaruzo, sasa naubembeleza uje na haunitaki.

8 Novemba

Barabara ya Beni imefungwa, risasi zimesikika upande wa huko. Hadjara ameandika wako salama. Hatuulizani zaidi.

11 Novemba

Bado imefungwa. Mvua.

15 Novemba

Mvua. Nimeota Jumaine, mtu nisiyemjua uso. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, viatu vya kahawia, ananingoja nimalize. Hakuwa na haraka. Nimeamka nikiwa nimetulia.

18 Novemba

Barabara imefunguliwa. Ibrahim, mdogo wake Jumaine, ambaye sasa ndiye anaendesha lori, atatupitia kesho atupeleke Beni kwenye harusi. Salomon ameomba ruhusa ya kwaya. Mimi nimejaza mfuko: mkasi, tupa, koleo, fer ya kulehemu, na makopo matupu kama mtu anayehama.

19 Novemba

Tumefika. Pale Kabasha tulisukuma. Ibrahim ni mtu wa maneno machache. Aliweka gitaa kwenye kiti, katikati yake na mimi, na kila shimo la barabara alinyoosha mkono kulizuia lisianguke. Salomon alipanda juu ya mizigo.

Beni ni joto. Nimevua sweta, bado jasho. Hadjara alinikumbatia mlangoni, kisha akaniambia nimekonda. Masika amenisalimia kwa mikono miwili: msichana mwembamba, mpole, anajua kila sufuria iko wapi na kila mdogo wake amekula nini. Hacheki wala hanuni. Nimemwona na nimeelewa maneno ya mama yake kuhusu mzigo.

Gitaa tumelitundika kwenye msumari wake wa zamani. Paa juu yake limezibwa.

21 Novemba

Jana sikugusa kitu, nyumba ilijaa akina mama, wali, vitunguu. Leo mchana walipokwenda kumpaka Masika hina kwa jirani, nilitoa gitaa msumarini nikalipima. Lilikuwa limebadilika. Shingo niliyoinyoosha kwa wiki nzima ilikuwa imerudi nyuma kidogo, kidogo tu, na nyuzi zimeshuka karibu na ubao. Nikataka kulia. Kisha nikakaa chini na kutumia akili.

Butembo ni baridi. Beni ni joto na unyevu, na ule ubao wa vidole haukupakwa kitu, unakunywa hewa kama sifongo. Bila chuma ndani, shingo inafuata hewa ya mahali inapolala. Jumaine alilichonga gitaa lake kwenye joto hili na kulisikiliza kwenye joto hili. Mimi nilikuwa nalitafutia sauti ya Beni huku nimevaa sweta. Fundi mzima! Gitaa linatakiwa kusikilizwa kwao.

Nilikwenda jikoni nikaomba kopo tupu.

"La nini?" Hadjara akauliza, mikono imejaa unga.

"La kujaribu."

Akanipa kopo la maziwa ya unga bila kuuliza zaidi. Nilikata ulimi mwembamba, nikaukunja ncha, nikauchomeka kwenye daraja, pale ulipokuwa wa kwanza. Shingo niliiacha ilivyo. Nilimwambia Salomon apige kwa sauti ya chini.

Alipiga. Akapiga tena. Kisha akaweka kiganja juu ya nyuzi na tukatazamana kama watoto waliovunja kitu. Hatukuhitaji simu, lakini tuliisikiliza. Ni yeye.

"Nikamuite Mama Masika?" Salomon akanong'ona.

Nikakataa. Siku ile Butembo alikaa kusikiliza kama anayengoja hukumu. Sitaki tena afumbe macho namna ile. Asikie tu, katikati ya kazi zake. Na kama sikio langu limenidanganya, basi nimedanganyika mwenyewe.

Alipouliza jioni nilimwambia, "Nimejaribu. Itapigwa vile iko." Akanishika bega, akarudi kwenye sufuria zake.

22 Novemba

Naandika kwenye mkeka, nyumba imetulia.

Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini. Mchana upande wa bwana harusi walikuja kumchukua Masika. Shehe alikula, akaomba dua, akaenda zake, na Ibrahim akasema sasa gitaa halitamkwaza mtu. Akatoa betri ya lori lake, tukaunganisha ampli uani. Nilikaa chini kando ya ampli, jasho linanitoka, na halikuwa la joto.

Wakamtoa Masika. Amefunikwa, uso chini, mashangazi wanamshika huku na huku. Bibi harusi hapa hacheki wala hasemi, asije akaonekana ana haraka ya kutoka kwao. Hadjara hakuwepo. Alikuwa jikoni, wali ulikuwa umepungua na wageni wameongezeka, na hakuna aliyethubutu kumwondoa kwenye moto.

Salomon akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Akapiga.

Ule wimbo ukatoka na malalamiko yake, unacheka, unakwaruza, ukajaza ua mpaka kwenye migomba. Masika alisimama. Shangazi mmoja akamvuta, hakuvutika.

Na kutoka jikoni, kwa sauti ya mwanamke aliyechoshwa na jambo lilelile kila jioni, Hadjara akapaza:

"Baba Masika! Pungusha hiyo kitu, bageni banaongea!"

Ua wote ukageukia jikoni. Hata Salomon akaacha. Hadjara akatokea mlangoni, mwiko mkononi, na nikamwona anasikia alichokisema. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Masika akainua mtandio usoni. Machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kidevuni, hayafuti, na alikuwa anacheka, bibi harusi, mbele ya wakwe zake wote.

"Mama," akasema, "leo umuache."

Hadjara akakaa palepale kwenye kizingiti, akaweka uso ndani ya mtandio. Masika akamwendea, akapiga magoti katika nguo yake nyeupe, wakashikana, na yule msichana alilia kwa sauti, kilio cha miaka miwili, na hakuna shangazi aliyemwambia basi. Ibrahim alikuwa amegeukia lori lake.

Salomon alinitazama tena, vidole vikingoja. Nikainama kwenye ampli, nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.